Kocha Msaidizi Akihama, Uliza Kaondoka na Nini

Kila Machi na Aprili vyuo vya Marekani hufukuza na kuajiri makocha wa mpira wa kikapu, na mashabiki huanza kuhesabu: wasaidizi watatu wamehama, basi timu inavuja. Hesabu hiyo haina maana mpaka ujue kila mmoja alishika kazi gani, na nani mwingine aliyeijua.

Chukua mfano wa chuo cha Gonzaga. Tommy Lloyd alikaa miaka 20 chini ya kocha mkuu Mark Few, na Aprili 2021, siku chache baada ya kufungwa 86–70 na Baylor kwenye fainali, chuo cha Arizona wakamchukua awe kocha mkuu. Lloyd ndiye aliyeshika usajili wa nje ya Marekani, njia iliyowaleta kina Domantas Sabonis wa Lithuania na Rui Hachimura wa Japani. Msimu wake wa kwanza Arizona alishinda mechi 33 na kupoteza 4. Kuondoka kwa namna hii siuiti ugonjwa. Timu ya chuo ambayo wasaidizi wake hutakiwa kuwa makocha wakuu inafundisha vizuri. Wasiwasi wangu huja pale msaidizi anapohama kwenda cheo kilekile, chuo cha hadhi ileile, na mrithi wake naye akaondoka mwaka unaofuata.

Ndani ya benchi kazi hugawanywa hivi: mmoja mashambulizi, mmoja ulinzi, mwingine wachezaji warefu au wale wafupi wa nje ("guards"), na wengi wao husajili. Ripoti za wapinzani nazo hugawanywa. Kwa ratiba ya mechi 31 na wasaidizi watatu, kila mmoja hubeba kama 10: anatazama video, anakata vipande, anaongoza mazoezi ya kumwigiza mpinzani. Akiondoka bila kuacha faili, kumbukumbu ya theluthi ya wapinzani inaondoka naye.

Ulinzi ndio huumia zaidi, kwa sababu unaendeshwa kwa amri fupi. Kumsukuma mwenye mpira kuelekea pembeni wakati wa skrini (mwenzake anaposimama njiani kumzuia mlinzi), kocha mmoja huamrisha kwa neno "ice", mwingine "blue". Msaidizi mpya akija na msamiati wake katikati ya mwaka, mchezaji mmoja hufuata amri mpya na mwenzake ya zamani, na njia ya kwenda kikapuni inabaki wazi. Afadhali mgeni ajifunze lugha ya timu kuliko wachezaji wote kujifunza ya kwake.

Tazama Duke ya 2025, timu ya Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyejifunzia kikapu Uganda. Jai Lucas, mtu wa ulinzi, alichukuliwa na Miami mwezi Machi, kabla mashindano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hayajaanza. Asingeweza kungoja: dirisha la uhamisho lilifunguka mwezi huohuo, na kocha mpya asiyepiga simu wiki ya kwanza hukuta wachezaji wazuri wamekwisha. Duke walifika nusu fainali wakafungwa 70–67 na Houston. Ni rahisi kumbebesha aliyeondoka kipigo hicho, lakini ulinzi uliofundishwa miezi mitano haufutiki kwa majuma manne.

Julai 2023 NCAA iliruhusu wasaidizi watano badala ya watatu, ila kwa sheria ya wakati huo wale wawili wa nyongeza wafundishe tu, wasisafiri kusajili. Kocha mkuu mwerevu huzitumia nafasi hizo kumwandaa mrithi ambaye tayari anajua amri, faili na wazazi wa wachezaji. Kila mchezaji anayesajiliwa aongee na makocha wawili, si mmoja. Bonasi ya kubaki ilipwe baada ya msimu. Na anayelalamikia uaminifu wa wasaidizi akumbuke kwamba NCAA, kuanzia 1992, iliwahi kuweka daraja la kocha asiyeruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Kesi ilifika mahakamani, na mwaka 1999 NCAA ikakubali kuwalipa makocha hao dola milioni 54.5.

Kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayepigiwa simu na chuo, karibu kila mara anayempigia ni msaidizi. Mkataba wa masomo lakini ni wa chuo. Kabla ya kusaini, aombe kuongea na kocha mkuu mwenyewe, aulize mkataba wa huyo kocha unaisha lini, na nani atamfundisha nafasi yake ikiwa aliyempigia simu hatakuwepo Agosti.