Fundi wa Sola Awe Mama wa Kijijini

Kuna kauli niliyoisikia kwenye mkutano wa kijiji upande wa Pangani, hadi leo imenikaa kooni. Yalikuwa yanatafutwa majina ya watu wa kwenda kufundishwa ufundi wa sola. Likatajwa jina la mama mmoja. Mzee akasimama, kwa upole kabisa, akasema: "Jamani, Bi huyu hata jina lake hajui kuliandika. Umeme si mchezo." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Wakapitishwa vijana peke yao.

Nilitamani mkutano ule wote upande boti, uvuke hadi Unguja, ukaone chuo cha mafundi wa sola kilichopo Kinyasini.

Mimi nimefika. Chuo kile cha Barefoot ni tawi la kazi iliyoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972 kule Tilonia, Rajasthan, nchini India. Tilonia wamepokea wanawake watu wazima, wengi wana wajukuu, kutoka nchi mbalimbali, wasiosikilizana lugha wao kwa wao, wakawafundisha kwa miezi sita kwa rangi, ishara na mikono. Baadhi ya wanawake wa Zanzibar waliosomea huko wamerudi kuwa walimu wa wenzao. Nilimkuta mama kajifunga kanga kiunoni, chuma cha lehemu mkononi, anaunga rizista, kidude cha kupunguza mkondo wa umeme, kwenye kibao cha kontrola, kifaa kinachoongoza chaji ya betri. Thamani ya rizista anaijua kwa mistari yake ya rangi. Hakubahatisha hata moja.

Nasi watu wa Pwani tunashangaa nini? Mama zetu wanasuka mikeka ya nakshi, rangi tatu nne zinapishana ukili mzima, na hesabu ya miyaa haijaandikwa popote. Kichwa kinachobeba hesabu ile kinashindwaje na nyaya za sola?

Lakini linaloniuma zaidi ni hili la vijana. Kijiji jirani kilishapeleka kijana. Alisoma vizuri, akapata cheti, na cheti kikampeleka Dar es Salaam, sasa anatengeneza simu. Simlaumu, ana maisha yake ya kutafuta. Ila zahanati aliyoachiwa ilikaa gizani kwa sababu ya fyuzi. Fyuzi! Fundi wa mjini alitaka nauli ya kwenda na kurudi, posho, halafu ndiyo bei ya kazi, na wakunga wakaendelea kuzalisha kwa tochi ya simu. Bunker Roy amelisema hili waziwazi kwa miaka mingi: wanaume wakishapata cheti, wanakimbilia mjini. Bibi mwenye shamba, wajukuu na kikundi chake cha kuweka akiba hana anakokimbilia.

Na sola haitaki zaidi ya mtu aliye karibu. Matatizo yake mengi ni madogo: betri imekauka maji, vumbi limetanda kwenye paneli, chumvi ya bahari imetia kutu ncha za waya, mtu kachomeka pasi. Yakiachwa wiki, betri inakufa, na betri ndiyo ghali. Anatakiwa mtu wa kugongewa mlango saa mbili usiku, atoke na mita yake, apime.

Najua nitaambiwa nguzo za umeme za REA, wakala wa nishati vijijini, zimeshafika. Sawa, zimefika vijijini, ila viko vitongoji vinavyoziona kwa mbali tu. Nitaambiwa pia ni vigumu mama kuacha nyumba miezi kadhaa. Ni vigumu kweli, na mume asiyetaka kubaki na watoto yupo kila kijiji. Huyo azungumzishwe na wazee wenzake.

Ninaloogopa ni mama kusoma, kurudi, kisha kufanywa wa kujitolea. Kijana akitengeneza simu analipwa papo hapo. Mama akipanda juu ya paa anaambiwa Mungu atamlipa. Katika mpango wa Tilonia kijiji kina kamati, kila nyumba inachangia kila mwezi kiasi kinacholingana na ilichokuwa ikitumia kwa mafuta ya taa na betri za tochi, na fundi analipwa humo. Basi malipo ya mama yapangwe kabla hajafunga mzigo wa kwenda kusoma, kiasi kitajwe mbele ya mkutano, na daftari la michango likae ofisi ya kijiji, atakaye kulifungua alifungue.