Makongamano ya viongozi vijana huko nje: tukichanga ada tunalipia nini hasa?

Barua zenyewe mnazijua. Inaingia kwenye imeili ya mtoto wa fomu sikisi au wa chuo mwaka wa kwanza, hongera umechaguliwa kuwa mjumbe wa kongamano la kimataifa la viongozi vijana, mtakaa pamoja siku kumi kwenye hosteli za chuo fulani, mtajadili tabianchi, amani, umaskini, akili mnemba, na ukishuka chini kabisa ndo unakutana na ada, iko kwa dola, na nauli ni juu yako. Mwezi huu moja imetua kwenye grupu letu la WhatsApp hapa Kigoma, mama wa binti anaomba wadau wamchangie mtoto, na grupu likagawanyika hapohapo. Baba mkubwa mmoja akaandika, "Mwanangu, hiyo safari utarudi na nini?" Binti akajibu kwa adabu zote, "Shikamoo baba mkubwa, nitarudi na uzoefu na koneksheni." Mzee naye, "Marahaba. Koneksheni kilo ngapi?" Basi wengine wakacheka, wengine wakanuna, kuna waliosema wazee mnawazibia vijana riziki, kuna waliosema hiyo hela si bora anunuliwe cherehani, ikawa tafrani mpaka admini akafunga grupu usiku.

Mimi naona wote wana hoja ila wanabishania vitu tofauti, na kuna kitu cha katikati hawakukigusa kabisa.

Kwanza tusiyaweke haya makongamano kapu moja. Kuna ya kulipiwa kila kitu, mfano Mandela Washington Fellowship ya serikali ya Marekani iliyoanza 2014, ile ya vijana wa miaka 25 hadi 35 kutoka Afrika kusini mwa Sahara, wiki sita ndani ya vyuo vya Marekani. Mwaka ule wa kwanza waliomba karibu watu 50,000 na nafasi zilikuwa 500, sasa huyo aliyepata hapo kapata kweli, hata ukimwonea wivu mpe heshima yake. Kuna kama One Young World, lilianza London 2010, likaja mpaka Johannesburg 2013, kule wajumbe wengi wanapelekwa na makampuni wanayofanyia kazi. Na kuna haya ya wanafunzi wa sekondari kama Global Young Leaders Conference, watoto wanapelekwa Washington na New York, wanaigiza vikao vya kidiplomasia, na hapo mzazi ndo analipa. Sisemi ni utapeli, programu ipo, watoto wanaenda na wanarudi na wengi wanafurahi. Ninachosema ni kwamba barua ikisema umechaguliwa halafu ikaleta bili, uliyechaguliwa hapo kwa kiasi kikubwa ni mfuko wa baba yako. Hilo familia ilijue kabla haijauza kiwanja.

Na bili ya mtu wa Kigoma sio sawa na bili ya mtu wa Masaki kule Dar. Pasipoti 150,000, hiyo wote tunalipa. Lakini usaili wa viza ya Marekani ni Dar, ada mwaka 2025 ilikuwa dola 185 na ukinyimwa hairudi, na kufika Dar kwenyewe ni zaidi ya kilomita 1,200, reli ya kati ilifika hapa 1914 na mpaka leo ukipanda treni ya kawaida unajua umesafiri. Basi sio mchezo, ndege ndo usiseme. Kwa hiyo mtoto wa hapa anatumia nauli, gesti, chakula, siku zake na za anayemsindikiza, kwenda kuulizwa maswali ya dakika chache dirishani na labda kuambiwa samahani. Wale wanaosema "fursa zipo ni vijana tu hawachangamki" mara nyingi hawajawahi kupiga hii hesabu wakiwa huku mwisho wa reli. Ndo maana ukiangalia picha za wajumbe wa Tanzania unaona sura zinafanana, shule zinafanana, hata Kiingereza kinafanana.

Sasa upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna jamaa mmoja wa Ujiji namfahamu, yeye alilipiwa, alienda kongamano la namna hii Ulaya miaka miwili iliyopita. Nilimuuliza umejifunza nini, nikitegemea ataniletea zile habari za mada na wazungumzaji mashuhuri. Mada hata hazikumbuki. Anachokumbuka ni chumba. Alipangwa chumba kimoja na Mrundi wa Bujumbura, usiku wa kwanza wanaongea Kiingereza cha kubabaika wote wawili, mpaka jamaa akapokea simu ya nyumbani akaongea Kiha, yule mwenzake akakaa kitandani kwa mshtuko maana alielewa karibu kila kitu. Kiha na Kirundi ni ndugu kabisa. Basi kuanzia hapo wakawa hawalali, na walichokuwa wanabishana sio tabianchi ya dunia, walikuwa wanabishana ziwa Tanganyika kufungwa. Mnakumbuka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazozunguka ziwa, ili samaki wazaliane. Jamaa wa Ujiji yeye kwao wanaishi kwa dagaa, alikuwa na hasira, miezi mitatu mtu anakula nini, mwalo wa Kibirizi ulipoa kama msibani. Mrundi akamwambia kwetu sisi tunaamini nyie Watanzania mkifunga mchana usiku mnaingia kimyakimya. Na jamaa akasema hee, sisi tunasema hivyohivyo juu yenu. Wakaambiana mengi, nyavu zipi zinatumika upande upi, nani anakula rushwa ya doria, bei ya mgebuka inavyopanda, mpaka wa chumba cha jirani akagonga ukuta.

Hicho kitu hukipati kwenye semina ya masaa matatu pale halmashauri, unasaini karatasi unapewa soda unaondoka. Na hukipati mtandaoni, 2020 corona ilipohamishia mikutano Zoom tuliona, watu wanazima kamera wanaenda kupika. Faida ya kongamano la kulala hukohuko ni kulala hukohuko. Watu wakila pamoja, wakipanga foleni ya bafu pamoja, siku ya tatu hivi ule uongo wa kujitambulisha unaisha, mtu anaanza kusema anachofikiria kweli. Kwa hiyo binti aliposema uzoefu hakukosea, na mzee akae akijua kwamba kuna mambo ambayo huwezi kuyapima kwa kilo. Kwa mtoto wa kike hasa, kuna wengine hawajawahi kulala nje ya nyumbani ukiacha bweni, siku kumi za kujisimamia mwenyewe kati ya wageni zinamtengeneza, hilo sina ubishi nalo.

Lakini hebu ona kichekesho kilichopo hapo, wamevuka bara zima na bahari ili Ujiji ikutane na Bujumbura.

Na sio hilo tu. Mada karibu zote za hayo makongamano zina makazi hapa. Mnataka kujadili wakimbizi? Kambi ya Nyarugusu pale Kasulu ipo tangu 1996, walianza Wakongo, Warundi wakaja kwa wingi 2015, kuna vijana wamezaliwa mle wamesoma mle sasa hivi wana watoto wao, na hawatoki nje ya kambi bila kibali. Mtu anaenda New York kuigiza kikao cha wakimbizi, anapewa kibao cha mezani chenye jina la nchi ambayo hajawahi kuiona, aiwakilishe, wakati kijana mwenye hilo jambo lenyewe yuko umbali wa basi la asubuhi na hakuna aliyemuuliza chochote. Mnataka tabianchi? Maji ya ziwa yamepanda yakala nyumba na miundombinu ya ufukweni watu wakahama. Hapa sio kwamba nakataa watu wasiende, nakataa ile dhana kwamba dunia iko kule na sisi huku tunaishi sehemu nyingine.

Halafu kuna hili la kualikwa na kutoonekana. Januari 2020 Vanessa Nakate wa Uganda alikuwa Davos kule Uswisi, kwenye ule mkutano mkubwa wa uchumi wa dunia, na wanaharakati wenzake wa tabianchi, wakapigwa picha watano, shirika la habari la Associated Press likaitoa ile picha yeye akiwa amekatwa, wakabaki wazungu wanne. Baadaye waliomba radhi. Watu wengi wanautumia mfano huu kusema mnaona, tunaitwa kupamba tu. Ni kweli, ila pia asingekuwepo Davos asingekatwa, na alivyolalamika dunia nzima ikamjua. Kwa hiyo mfano wenyewe unakata kotekote, mimi nauacha hapo.

Kinachonisumbua zaidi ni kinachotokea wakirudi. Wapo wanaorudi wakafanya kazi, wapo. Lakini tumetengeneza kundi la vijana ambao kazi yao ni makongamano, mwaka huu Kigali mwaka kesho Geneva, wasifu kurasa nne, wanaongelea utawala bora kwa ufasaha hasa, na hajawahi kukanyaga mkutano mkuu wa kijiji kwao, ule ambao kisheria unatakiwa uitwe kila miezi mitatu na ukiwa na miaka 18 una haki ya kusimama pale ukamuuliza mwenyekiti hela ya zahanati imeenda wapi. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambapo 4 ni mikopo ya vikundi vya vijana, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, waulize hao mabalozi wetu wa vijana utaratibu mpya unasemaje. Wengi watakwambia watacheki.

Ila sio kosa lao peke yao. Makongamano mengi hayana cha kuamua. Mnajadili, mnatoa azimio, azimio linasomwa siku ya mwisho watu wakiwa wanafunga mabegi, na hakuna mtu popote duniani anayelisubiri. Linganisha na mkutano ambao ulifanyika hapo jirani tu Tabora, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU. Aliyeuongoza, Nyerere, alikuwa na miaka 35, kwa hesabu za sasa hivi bado kijana, na alikuwa amesoma hapohapo Tabora School. Swali lilikuwa moja na lilikuwa linauma, tuingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, au tususe? Wengi walienda pale wakiwa wanataka kususa. Wakabishana kwelikweli, wakaondoka wameamua kuingia, Zuberi Mtemvu hakukubali akatoka kwenda kuanzisha chama chake, ANC ya Tanganyika, na kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU wakafagia. Unaweza kusema ule ulikuwa wa chama sio wa vijana wa dunia, sawa, ila nauliza tu kama kuna kongamano lolote la viongozi vijana mnalolijua ambalo mtu alitoka kwa hasira kwa sababu uamuzi ulikuwa na uzito wa kumtoa.

Na hata bila siasa, Roots & Shoots, harakati ya vijana ya kutunza mazingira, ilianza 1991 pale Dar, wanafunzi 12 wa sekondari wamekaa kibarazani kwa Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe yetu hapa aliyefariki Oktoba 2025. Walienda na kero walizoziona wenyewe, ujangili, uvuvi wa baruti. Leo ile harakati iko kwenye nchi zaidi ya 60, na pale kibarazani hakuna aliyelipa ada wala kuvaa kitambulisho shingoni.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: ukilipiwa nenda, usisikilize mtu. Ukiambiwa ulipe mwenyewe mamilioni na familia haina, usiende na usijione umepoteza maisha, na wadau tusichangishane mpaka tuanze kununiana. Ila ile kitu ya chumbani, ile ya Ujiji na Bujumbura, inawezekana kufanyika hapa kwa pesa ndogo sana. Bujumbura, Uvira, Kalemie, Mpulungu, miji yote hii inakunywa ziwa moja na sisi. Mkataba wa kulisimamia ulisainiwa Dar 2003, mamlaka yake ipo na ofisi ziko Bujumbura, maana yake wa kupokea azimio wapo na wana anuani. Burundi na Kongo tuko nao Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo iliingia 2022, Zambia tuko nao SADC. Shule za bweni zikifunga, vitanda vinabaki vitupu mwezi mzima. Waje vijana 40, nusu yao wawe wanaoingia ziwani wenyewe au wanaochuuza samaki, wapewe swali moja tu, ziwa lifungwe lini na kwa masharti gani na mtu ale nini likiwa limefungwa, wasitoke mpaka wameelewana au wameshindwana kwa maandishi.

Vikwazo vipo, nisiwadanganye. Vijana wa kambini watahitaji vibali na hivyo vinachukua muda. Usalama wa upande wa Uvira haueleweki. Wa Mpulungu Kiswahili kitawapa shida kuliko wengine, atafutwe wa kutafsiri. Halafu posho, hapo ndo shughuli pevu, maana ukitangaza posho watajaa wale wale wa makongamano, na usipotoa, mvuvi anayepoteza usiku wa kazi atakuuliza nyumbani wanakula nini, na yuko sahihi. Mimi ningewalipa wavuvi na wachuuzi fidia ya siku zao kwa kiwango kinachojulikana mwaloni, wanafunzi wapewe chakula na kitanda tu, na nauli ya boti irudishwe kwa tiketi. Watakaolalamika walalamike.