Makaburu na Karatasi Zao

Sisi tuliokulia Tanzania miaka ya 1980 tulimjua kaburu kwa bunduki na mbwa wake. Siku hizi naona silaha yake kubwa ilikuwa karani.

National Party, chama cha makaburu wa Afrika Kusini, ilishinda uchaguzi wa 1948, uchaguzi ambao Waafrika karibu wote hawakuwa na kura. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya kuandikisha kila mtu kwa rangi yake. Mzungu ni nani? Sheria ikajibu: ni anayeonekana waziwazi kuwa mzungu, au anayekubalika na watu kuwa mzungu. Yaani dola zima, na mahakama zake na jela zake, lilisimama juu ya jicho la mtu ofisini! Mwenye rangi ya kutatanisha alichomekwa penseli nyweleni: ikidondoka, huyo mzungu, ikinasa, basi tena. Ndugu wa tumbo moja wakaweza kuandikwa rangi mbili. Wajapani, kwa ajili ya biashara, wakatendewa kama wazungu, Wachina hapana. Ningecheka, kama si watu waliopoteza ndoa na nyumba kwa upuuzi huo.

Halafu kipande, yaani pasi ya lazima. Wakenya wanalijua neno hilo, maana babu zao walikivaa shingoni enzi za Mwingereza. Afrika Kusini, mwaka 1952, ikatungwa sheria iliyojiita ya kufuta pasi, na ndiyo hiyo iliyowatwisha Waafrika wa miaka 16 kwenda juu kitabu kizima: picha, mwajiri, kodi, ruhusa ya kuwa mjini. Wenyewe wakakiita dompas, pasi ya kijinga. Asiye na ruhusa akizidisha saa 72 mjini, amevunja sheria.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema mfumo ule wa ubaguzi uliangushwa na huruma ya de Klerk, rais wa mwisho wa makaburu. Karatasi ilikataliwa na waliobebeshwa. Agosti 9, 1956, wanawake wapatao 20,000 waliandamana Pretoria kuipinga. Machi 21, 1960, kule Sharpeville, watu waliacha pasi nyumbani wakaenda kituo cha polisi wakamatwe; wakapigwa risasi, wakafa 69. Na kwa miaka yote hiyo watu wa vijijini hawakuacha kuingia mijini, kibali wanacho au hawana. Karani gani angewaweza? Sheria za pasi zikafutwa 1986, Mandela akiwa bado gerezani. Ile ya kuandikisha rangi ikafuata 1991.

Vikwazo vilisaidia, sibishi, na wapiganaji waliopita Kongwa, kambi ya wapigania uhuru nchini Tanzania, nao wana hesabu yao.

Ila karatasi moja ilitangulia hata huo uchaguzi wa 1948: sheria ya ardhi ya 1913, iliyomkataza Mwafrika kununua ardhi nje ya maeneo aliyotengewa, kama asilimia 7 ya nchi, baadaye 13. Nayo ilifutwa 1991. Hati za mashamba zikabaki kwenye makabati yaleyale.