Tukate tengo moja, tuone

Kila mashindano ya ngalawa yakikaribia, mazungumzo ya pwani ni yale yale: nani ameshona tanga kubwa zaidi. Mwaka huu foromali, mti unaobeba tanga, imerefushwa, mwakani itarefushwa tena. Mimi nasema tunahangaika pasipo na tatizo. Upepo tunao tele. Kinachotuchelewesha kiko chini, majini, na tanga kubwa linakizidisha.

Iangalieni ngalawa, mtumbwi wenye tengo (ubao wa kuelea) kila upande kwenye miti ya mrengu, siku ambayo kusi limeshika. Tanga linasukumwa kule juu, mtumbwi unashikwa na maji huku chini, basi chombo kinataka kulala ubavu. Tengo la upande wa demani, kule upepo unakokwenda, linazama, linaanza kulima maji, povu linaruka mpaka kwenye mrengu. Hapo baharia mmoja anakimbilia mrengu wa joshini, upande upepo unakotoka, na kukaa nje kabisa, miguu inaning'inia, kamba mkononi. Sehemu kubwa ya upepo tuliouongeza kwa kitambaa kipya imeishia kulizamisha tengo lile, na tengo likizama ni breki. La pili liko hewani. Halina kazi, ni uzito tu.

Mtumbwi wenyewe sina ugomvi nao. Chombo kipana cha mita 6 kikifika kama km 11 kwa saa hunaswa na wimbi lake chenyewe: omo (mbele) inapanda, tezi (nyuma) inakaa, na ukiongeza upepo kinachimba tu. Mtumbwi mwembamba wa ngalawa hauumbi wimbi kubwa hivyo, ndiyo maana unaweza kupita hapo bila kunaswa. Waliochonga wa kwanza walitupa nusu ya jawabu. Nusu ya pili ndiyo tumeiacha.

Mwaka 1972, huko Portland, Uingereza, chombo kilichoitwa Crossbow kilipimwa kikienda noti 26.3, karibu km 49 kwa saa. Ukikitazama picha yake utacheka, maana ni ngalawa iliyokatwa tengo moja: mtumbwi mrefu mwembamba na mrengu wa upande mmoja tu, upande wa joshini, mabaharia wakikaa huko nje kama uzito. Kilikuwa kinakwenda kasi kwa upande mmoja. Kugeuka halikuwa jambo lake. Mwenyewe, Tim Colman, aliamua kwamba anataka mbio, hataki safari, na kila kisichosaidia mbio akakiacha ufukweni.

Najua jibu la barazani: "Na kurudi je?" Suali la haki. Watu wa visiwa vya Mikronesia walilijibu zamani. Vyombo vyao vina tengo moja, na daima hukaa upande wa upepo. Wakitaka kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo, hawageuzi chombo, wanalihamisha tanga kutoka ncha moja kwenda nyingine, na ile iliyokuwa tezi inakuwa omo. Sisi tunaosema tezi na omo marejeo ni ngamani tungeweza angalau kujaribu. Kuvusha foromali mbele ya mlingoti tunajua tayari, kwa hiyo kazi yenyewe si ngeni kabisa kwa mikono yetu.

Kisha kuna aliyelimaliza kabisa suala la kulala. Tarehe 24 Novemba 2012, Walvis Bay, Namibia, Paul Larsen aliendesha Vestas Sailrocket 2 kwa noti 65.45 katika mita 500. Hiyo ni km 121 kwa saa, kwa upepo ambao kasi yake haikufika hata nusu ya hiyo. Badala ya tanga kilikuwa na bawa gumu, mfano wa la ndege, lililolazwa. Upande wa pili kilikuwa na kisu kilichopinda ndani ya maji. Bawa linavuta huku, kisu kinavuta kule, nguvu mbili ziko kwenye mstari mmoja, na chombo hakina sababu ya kulala. Kisu nacho kilikuwa na hila yake. Karibu na noti 50 maji yanayopita juu ya kisu cha kawaida huchemka yakiwa baridi, kwa kushuka mgandamizo, na kisu kinapoteza nguvu. Cha kwao kilikuwa butu kwa nyuma ili hewa ijae hapo kwa makusudi. Hawakufika kwa siku moja. Mwaka 2008 chombo chao cha kwanza kiliruka angani kikapinduka, dereva akiwa ndani.

Sisemi fundi wa Nungwi achonge bawa la ndege. Nasema wazo hilohilo linapita mbele ya macho yetu kila siku Paje, mashariki ya Unguja, na tunaliita mchezo wa watalii. Yule kijana aliyesimama juu ya kibao akivutwa na tiara hana mlingoti wa kumpindua. Anaegemea, tiara inavuta juu na mbele, mambo yamekwisha. Toka 2010 hadi Larsen alipoivunja Novemba 2012, rekodi ya vyombo vyote vya upepo duniani ilikuwa ya mtu wa tiara, Rob Douglas, noti 55.65, pale Lüderitz, Namibia. Kwa mbio fupi, ngalawa ya kuvutwa na tiara ndiyo wazo la kichaa lenye akili zaidi ninalolijua. Tiara kuukuu haikosekani Paje, na vijana wetu wengi wanaifundisha kuliko wanavyojua kufunga tanga.

Mbawa za chini ya maji, zile za kunyanyua chombo kizima, mimi sizitaki kwetu. Zinafanya kazi, hilo halina mjadala. Lakini mashariki ya Unguja maji yakitoka unatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba, na humo njiani kuna vijiti na kamba za mwani wa kina mama. Bawa kali linalokwenda kasi hiyo litakata jasho la mtu.

Lüderitz waliamua kuibadili bahari badala ya chombo: walichimba mfereji mrefu mwembamba ili maji yatulie. Sisi mfereji tumepewa bure. Ndani ya mwamba, kuanzia Bwejuu hadi Jambiani, mawimbi yanavunjikia nje na kusi linapita juu ya maji yaliyolala.

Basi ombi langu kwa kamati za mashindano ni dogo. Mbio kuu ziachwe zilivyo, na kanuni zake. Pembeni uwekwe mstari wa mita 500, maji yakiwa nusu, Julai au Agosti, chombo chochote kinachokwenda kwa upepo kiruhusiwe: tengo moja, tiara, tanga la kulazwa, hata kisichoweza kurudi kwa tanga kiburutwe na boti. Kupima, GPS inatosha. Njia ipangwe na wakulima wa mwani kwanza, wao ndio wanaojua vijiti vinaishia wapi, na zawadi wagawiwe nao. Tanga lisizidi ukubwa fulani, ili tuache kushindana kwa kitambaa.