Sahihi ya Mtu Mzima

Kikaratasi cha tatu hiki hapa, kimebandikwa mlangoni kwangu. Kinasema: "Samahani, tumekukosa." Wamenikosa! Mimi nilikuwepo. Nilisimama mbele ya mleta mizigo, tukatazamana uso kwa uso, nikamsalimia, akaitikia, akanitakia siku njema, kisha akaandika kwamba hakunikuta. Sasa aliyemsalimia alikuwa nani, marehemu?

Wenzangu mlioko huku ughaibuni mnavijua vikaratasi hivi. Cha kwanza unakipuuza, cha pili kinakunyima usingizi, cha tatu maana yake mzigo umelazwa ghalani na usipoufuata upesi unarudi ulikotoka. Wangu umetoka California. Chupa 6 za mvinyo mwekundu, zawadi ya kuzaliwa kutoka kwa binti yangu Neema, aliyeko Chicago, kwa baba yake aliyetimiza miaka 57 hapa Grand Rapids, Michigan, katikati ya theluji na shifti ya usiku.

Utauliza, binti yuko Chicago, mzigo unatoka California, imekuwaje? Hapo ndipo kichaa chenyewe kinapoanzia.

Neema aliuona mvinyo wa Afrika Kusini, Pinotage, kwenye duka la mtaani kwake. Mimi huusifia kila Krismasi, kwa kuwa angalau umetoka upande wetu wa dunia. Wa Dodoma siuzungumzii, huo nimeuweka kwenye maombi. Basi akaingia kwenye tovuti ya duka hilo hilo, akachagua chupa, akaandika anwani yangu. Alipofika kwenye namba ya posta mashine ikagoma: Michigan hatupeleki. Kutoka Chicago mpaka hapa ni mwendo wa saa 3 kwa gari. Angeweza kuzipakia kwenye buti akaja nazo huku anaimba mapambio, na hakuna ambaye angemsimamisha. Lakini duka linitumie mimi? Marufuku. Kiwanda cha mvinyo cha California, ambako ukiendesha gari bila kulala unafika kesho kutwa ukiwa umepinda mgongo, hicho ndicho chenye ruhusa.

Nikasema hapana, lazima kuna maelezo. Nikakesha nasoma. Maelezo yapo, tena nilipoyapata ndipo nikakasirika vizuri.

Hawa jamaa walipiga marufuku pombe nchi nzima mwaka 1920. Ikawashinda, kama ambavyo ingeshinda kijiji chochote ninachokijua. Mwaka 1933 wakairudisha kwa kurekebisha katiba kwa mara ya 21, ila wakaacha kila jimbo lijipangie utaratibu wake. Majimbo mengi yakaweka ngazi tatu: mtengenezaji au mwagizaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye duka, mwenye duka ndiye akuuzie wewe. Ati ilikuwa kuzuia wenye viwanda wasimiliki mabaa na kuwalewesha watu. Sawa. Lakini sisi tuliopanga vyumba Dar es Salaam, huyo wa katikati tunamjua kwa jina moja tu. Dalali! Ni dalali, ila huyu amewekwa na sheria, na kodi ya mwezi mmoja hakuachii. Chupa ambayo dalali wa Michigan hakuitaka, madukani Michigan haipo, na Pinotage ya Neema ni mojawapo.

Mwaka 2005 wenye viwanda vya mvinyo walishinda kesi Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4. Majaji walisema jimbo haliwezi kuruhusu viwanda vyake vitume mvinyo kwa wateja halafu likavikatalia viwanda vya jirani. Na moja ya majimbo mawili yaliyoshtakiwa lilikuwa hili hili la Michigan ninakolala. Hapo mtu mzima ungedhani somo limeeleweka. Wapi! Kiwanda kikaruhusiwa, duka la nje likabaki mlangoni. Duka moja la Indiana, jirani hapo chini, likaenda mahakamani likataka lipate haki ile ile wanayopata maduka ya Michigan, ya kumpelekea mteja mpaka nyumbani. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema hapana, maana mvinyo wa duka la nje haukupita kwa wasambazaji wa Michigan. Yaani kosa lake ni kumruka dalali.

Haya, Neema akaona isiwe tabu, akaagiza California. Boksi likaandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kwamba ndani mna kilevi, apewe mwenye miaka 21 na kuendelea, na atie sahihi. Nikasema vizuri, mimi huo umri ninao mara mbili na chenji inabaki.

Jumatatu nimerudi kazini saa 1 asubuhi, nimelala kama gogo. Saa 5 kengele ikalia. Akafungua Baraka, mwanangu wa mwisho, kijana ana ndevu, akipita mlangoni anainama. Akaulizwa umri, akasema 20. Alilelewa vibaya huyu, hajui kudanganya. Mtoto huyo anaruhusiwa kuendesha gari, kupiga kura, kuoa, na kwenda vitani akapewa bunduki ya serikali. Boksi lililofungwa kwa gundi hawezi kulishika mpaka mwezi wa nne, atakapofikisha 21. Akaambiwa amwamshe baba. Baraka ananijua. Akaona bora kikaratasi.

Jumanne nikaweka kiti mlangoni. Nilivaa kikoi, sweta, na koti la kanisani juu yake, nikawa na chupa ya chai pembeni, nimeketi kama mwenyekiti wa kijiji anayengoja ugeni wa mkuu wa wilaya. Saa 4, saa 5, saa 6. Mtu akikaa hivyo mawazo yanakwenda nyumbani. Mimi ni mtoto wa Mpunguzi, Dodoma, zabibu nimezichuma kabla sijajua kusoma, na kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, siyo hawa wanaovuna mara moja halafu wanafanya sherehe. Enzi hizo ukitaka kumtumia shemeji katoni ya mvinyo Dar, unaipeleka stendi, unaandika jina na simu kwa maka peni, unamlipa kondakta. Jioni shemeji anapigiwa: "Mzee, njoo Ubungo, mzigo wako huu." Umri? Kondakta mwenyewe alikuwa na miaka 17. Pengine chupa moja ilipungua njiani, lakini hiyo nayo ilikuwa kama ushuru, na shemeji alikuwa haulizi.

Chai ikafanya kazi yake. Nikavumilia. Nikavumilia tena. Saa 7 na robo nikasema nusu dakika tu. Ndugu zangu, sijakaa sawa nikasikia injini. Nilipotoka, kikaratasi cha pili kilikuwa bado kinatikisika mlangoni na gari linaishia kwenye kona.

Nikatoka mbio. Sikufikiri. Kandambili, kikoi, koti la kanisani, nyuzi 12 chini ya sifuri. Kandambili ya kushoto ikabaki kwenye theluji nyumba ya pili, nikasema nitairudia. Nikamkuta nyumba ya saba anashusha boksi la chakula cha mbwa. Kijana mwekundu, amevaa kaptura! Kwenye baridi ile! Tukatazamana, yeye magoti wazi na mimi mguu mmoja peku, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwenye matatizo.

"Mzigo wangu," nikasema, pumzi zimekwisha.

"Kitambulisho, bwana."

"Kijana, nitazame. Hizi mvi nimezipaka?"

Akacheka, kijana mwenye adabu, hana shida. Akasema kamera ya gari inamwona, akitoa bila kitambulisho kazi hana. Kakilete, nakupa dakika 2, nimebakiza nyumba 90. Nikageuka na kandambili moja. Nikafika mlangoni kwangu, nikashika kitasa. Mlango umejifunga wenyewe.

Nikagonga. Ndani nilikuwa namsikia Baraka akiongea na marafiki zake wa kwenye mchezo wa kompyuta, masikio ameyaziba kwa hedifoni, anapiga kelele "nifunike, nifunike!" Mimi pia nilikuwa nataka kufunikwa. Nikagonga kwa ngumi, nikagonga kwa kandambili. Dirisha lililofunguka lilikuwa la jirani, Baba Furaha, mtu wa Uvira, Kongo.

"Baba Neema! Uko nafanya sport na kikwembe?"

Sikumjibu. Kuna maswali mtu mzima hajibu. Gari likapita mbele yetu polepole, yule kijana akanipungia mkono kwa huruma, boksi langu likapita nikiliona kwa macho yangu haya. Baba Furaha akanikaribisha ndani, akanipa maji ya moto ya kuwekea mguu, akaniuliza ndani ya boksi kuna nini. Nikamwambia divai. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Njo maana."

Jumatano, ndiyo leo, nikaamka nimeishika leseni mkononi kama tiketi ya mechi. Safari hii akaja dada mmoja. Nikamfungulia kabla hajabonyeza kengele, nikamkabidhi leseni kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akaipitisha kwenye kimashine chake. Kikalia. Akaipitisha tena. Kikalia vibaya zaidi.

"Imeisha muda, bwana."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Jumapili ndiyo siku yangu ya kuzaliwa. Huku leseni inakufa siku uliyozaliwa, sijui nani alilifikiria hilo. Nikamwambia: "Dada, kilichoisha ni ruhusa ya kuendesha gari, na mimi siombi kuliendesha boksi. Umri haujaisha. Umri hauna tarehe ya kuisha. Au unadhani Jumapili usiku nilirudi nikawa na miaka 20, mwenzake Baraka?"

"Mimi nakuamini," akasema, "mashine ndiyo inayokataa." Akaandika kikaratasi.

Nitasema kitu hapa, na sitanii. Miaka 14 niko nchi hii, na kila mlango ninaofika lazima kwanza nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Hospitali, shule ya watoto, kazini wameninyang'anya jina la kati kwa sababu fomu ina nafasi mbili. Nalipa kodi, napakia viti vya magari usiku kucha mpaka vidole vinakufa ganzi. Nilichoomba wiki hii ni kuaminiwa kwamba nimekua. Basi. Na hilo nalo limehitaji mashine.

Sasa ghala liko maili 14. Pasipoti ninayo, iko hai. Lakini nitafikaje? Leseni imekufa, basi linakuacha maili 2 kabla. Nikamfuata Baba Furaha anipeleke, akashika kichwa. Yeye na wenzake wengi waliotoka kambi ya wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa, mtaa mzima hapa unazaliwa mwaka mpya. Mwaka huu zamu ya leseni yake nayo imefika. Imekufa usiku wa fataki, hajaenda kuihuisha. Ofisi ya leseni wanataka miadi, nafasi ya karibu ni baada ya siku 9. Ghala linakaa na mzigo siku 5.

Nimwambie Neema atume tena kwa posta ya taifa? Posta hairuhusiwi kubeba kilevi tangu 1909. Hilo nalo nimelisoma.

Kwa hiyo nimekaa hapa jikoni namwandikia barua mbunge wetu wa jimbo. Nimemwambia kwa lugha ya heshima kwamba kama kiwanda cha California kinakata leseni, kinalipa kodi ya Michigan, kinabandika onyo kwenye boksi na mzigo unapokelewa kwa sahihi, basi duka la Chicago nalo likatiwe leseni hiyo hiyo na lilipe kodi hiyo hiyo, serikali ipate chake na mimi nipate changu. Watoto hawatalewa. Mwanangu ameshindwa kupokea boksi mchana kweupe, nina ushahidi wa kikaratasi. Nilitaka kuongeza aya ya kuhusu madalali wa Sinza lakini nikaona hatawajua.

Nimefika hapo, Mama Neema ameingia kutoka kazini, theluji mabegani, mkononi chupa ya mvinyo ya dola 6 aliyoikuta inauzwa kwa punguzo sokoni.

"Wamekuomba kitambulisho?"

"Nani? Yule mtoto wa kaunta amenitazama usoni, akabonyeza."

Sikusema neno. Nimeamka kutafuta kizibuo. Hakipo. Kilikuwa droo hii, kando ya kopo la pilipili manga, nimekiona kwa macho yangu. Baraka anasema hajakiona, na huyo nimeshawaambia hajui kudanganya, kwa hiyo ni nani? Halafu mwiko mkubwa wa ugali nao tangu Krismasi siujui uliko, na mifuniko ya hotpoti, na soksi zangu za kijivu. Mama Neema, kile kisu chenye mpini mwekundu nacho umempa nani?