Mishahara ya watumishi wa umma: meza ya mazungumzo iko wapi?

Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ni ongezeko la asilimia 35.1, na watumishi wa Tabora walikuwa na kila sababu ya kulifurahia. Sina ugomvi na kiasi hicho. Ninachouliza ni njia iliyotumika kukifikia. Kilikubaliwa katika kikao gani, na nani aliyekaa upande wa wafanyakazi akiwa na uwezo wa kusema hakitoshi?

Kwenye karatasi haki ipo. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ilipitishwa 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mtumishi kujiunga na chama, kujadiliana na hata kugoma kwa kufuata utaratibu, ukiwaacha wanajeshi, polisi na askari magereza. Mabaraza ya wafanyakazi yapo na yanakaa. Lakini tazameni kalenda. Ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu ambacho kila wizara inaruhusiwa kupanga kutumia, hutolewa miezi kadhaa kabla ya Mei, na Mei Mosi inapofika Bunge liko Dodoma likipitisha mafungu ya wizara. Maana yake kiongozi wa chama anayesoma risala ya madai uwanjani anaomba kitu ambacho kimeshaamuliwa. Akitajiwa kiasi, anapiga makofi. Asipotajiwa, anasubiri mwaka mwingine.

Mkoa wetu una historia ndefu na jambo hili. Tabora ni njia panda ya Reli ya Kati, na wafanyakazi wa reli chini ya Kasanga Tumbo waligoma mwaka 1960, tukiwa bado chini ya mkoloni. Rashidi Kawawa, aliyesoma hapa Tabora, aliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, katika miaka ya kudai uhuru. Mwaka 1962 Kawawa huyohuyo alikuwa Waziri Mkuu, na ndipo zilipopitishwa sheria za kubana migomo na kuipeleka migogoro ya kazi kwenye usuluhishi wa lazima. Tumbo alikataa mwelekeo huo, akaacha ubalozi London, akaanzisha chama cha upinzani na hatimaye akawekwa kizuizini. Kisha ikaja Januari 1964. Askari waliasi Dar es Salaam, na kikosi cha pili kilichokuwa hapa Tabora kikafuata. Madai yao makubwa yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, TFL ikavunjwa, na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa chini ya mkono wa serikali. Tangu hapo, kwa miaka mingi, chama cha wafanyakazi kilikuwa sehemu ya dola.

Upande wa serikali una hoja nzito, na si haki kuipuuza. Mtumishi wa umma analipwa kwa kodi ya watu ambao wengi wao hawana mshahara. Azimio la Arusha la 1967 lilitahadharisha kwamba mkulima anaweza kunyonywa na watu wa mjini. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hana likizo ya malipo, na hakuna anayemwekea akiba ya pensheni. Fedha inayoongezwa kwenye mishahara ni fedha ambayo haichimbi kisima Uyui. Mwaka 2010, TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilipodai kima cha chini cha 315,000 na kutishia mgomo, Rais Kikwete aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba serikali haina uwezo huo, na kwamba kama kura za wafanyakazi zina sharti hilo yuko tayari kuzikosa. Yalikuwa maneno makali. Hata hivyo, kiongozi aliyechaguliwa na wote ana wajibu wa kulinda mfuko wa wote.

Lakini mfano wa mkulima wa tumbaku unageuka ukiutazama vizuri. Bei ya tumbaku hujadiliwa baina ya wawakilishi wa wakulima na makampuni ya ununuzi, daraja kwa daraja. Mkulima hulalamikia bei, hulalamikia upangaji wa madaraja, hulalamikia AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, na mara nyingi ana sababu. Ila anajua kulikuwa na kikao na anajua nani wa kumbana. Mwalimu anayemfundishia mtoto hana hata hilo.

Madhara yake yanaonekana pale hisani inaposimama. Kwa miaka kadhaa hadi 2022 hakukuwa na nyongeza ya jumla ya mishahara serikalini, na wakati wa uhakiki wa watumishi hewa mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisitishwa. Waliokuwa na sifa walikaa palepale, na hadi leo wapo wanaozungumzia mserereko, yaani kupandishwa kwa haraka ili kufidia madaraja waliyocheleweshewa. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, ndicho kinachoniuma zaidi. Kanuni za 2018 zilishusha malipo ya mkupuo ya mstaafu wa serikali kutoka asilimia 50 hadi 25. Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli aliwaita viongozi wa vyama na mifuko Ikulu na kuamuru utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33, na 2024 ikapandishwa hadi 40. Mtu aliyeajiriwa kwa ahadi moja amebadilishiwa hesabu ya uzee wake mara kadhaa ndani ya miaka sita. Hata agizo lililomfurahisha lilibaki kuwa agizo.

Vyama navyo vibebe sehemu yao. Chukua slipu ya mwalimu mwenye shahada: asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 3 ya bima ya afya, 15 ya Bodi ya Mikopo, na 2 ya chama cha walimu, kabla hujagusa kodi. Robo ya mshahara imeondoka. Sheria inaruhusu hata asiye mwanachama kukatwa ada ya uwakala pale chama chenye wanachama wengi kinapomwakilisha. Hoja yake inaeleweka, kwa kuwa anayefaidi majadiliano achangie. Ila majadiliano yenyewe yasipoonekana, ada hiyo inakuwa kero.

Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilifika mbali zaidi mwaka 2011. Gavana Scott Walker alipitisha sheria iliyozuia watumishi wengi kujadili chochote zaidi ya mshahara wa msingi, ikakataza ada kukatwa kwenye mshahara na kuvilazimisha vyama kupigiwa kura upya kila mwaka. Polisi na zimamoto waliachwa nje. Lengo lilikuwa kuvidhoofisha, na vilidhoofika. Sitaki hilo hapa. Lakini chama cha kwetu kikiomba ridhaa ya wanachama kwa hiari yake na kuwasomea mapato na matumizi shuleni, kitakwenda kwenye mazungumzo kikiwa na watu nyuma yake.

Kuhusu mgomo, nasimama karibu na serikali kuliko wenzangu wengi. Julai 2012 walimu waligoma, na baada ya siku chache Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikaamuru warudi madarasani. Aliyeumia ni mtoto ambaye mzazi wake hana fedha ya shule binafsi. Muuguzi wa hospitali ya Kitete hapa Tabora akiacha wodi, mtu anaweza kufa. Basi anayenyimwa silaha hiyo apewe mbadala wa kweli: kikao kabla ya ukomo wa bajeti kutolewa, takwimu za mapato mezani, makubaliano yaliyosainiwa na kuchapishwa, na pande mbili zikishindwana, msuluhishi huru ambaye uamuzi wake unaibana na Hazina pia.