Na moyo je?

Mwandishi wa makala ya kiharusi niliyoisoma anasema chanzo chake ni presha, basi. Presha ndiyo kinara, sibishi, ila kuna mlango mwingine kaupita: moyo wenyewe. Baba mdogo alipopooza upande wa kulia, presha yake ilikuwa 130 kwa 80, nyumbani wakasema kapigwa na upepo mbaya. Siku ya tatu ndipo daktari akampima ECG, ile karatasi ya mistari inayoonyesha mapigo ya moyo, na vilele vyake havikuwa na mpangilio, viwili vimebanana, kingine mbali. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inatuama, inaganda, donge likichomoka linapanda hadi ubongoni. Hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi kama mara 5. Na miezi kadhaa nyuma alikuwa akilalamika moyo unamrukaruka kama samaki kwenye ndoo, sisi tukamwambia apunguze kahawa! Sasa anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anapimwa damu mara kwa mara, hata kisamvu anakula kwa kipimo kilekile, maana mboga za majani hugusa nguvu ya dawa hiyo. Huko kwenu zahanati bado wanashika mkono na kuhesabu mapigo, au ni kufunga mashine ya presha tu na kuitwa anayefuata?